Mchanganyiko wa Chini ya Meza

Mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na saba, katika kiangazi kilichokausha hata mate ya watu, msokotaji mkongwe kuliko wote katika kiwanda cha sigara alinyang'anywa kiti chake. Mwonjaji wa kiwanda, ambaye wasokotaji walimwita Bwana Pua, alivuta sigara nono aliyoisokota mama huyo, akafumba macho, kisha akaandika daftarini: "Haina tabia." Kwa maneno hayo mawili, mikono yenye uzoefu wa miaka thelathini na mmoja ikahamishiwa sakafuni kunyofoa vikonyo vya majani ya tumbaku.

"Mama mkubwa, tabia ya sigara huonekana wapi?" aliuliza binti wa mdogo wake, aliyekuwa akinyofoa vikonyo kando yake.

"Muulize yeye. Mimi najua tabia za watu tu, na yake naijua."

Kila mfanyakazi aliruhusiwa kujisokotea sigara moja kwa siku kutokana na vipande vilivyoanguka chini ya meza. Mama mkubwa hakuiacha haki yake. Ila kwa ukavu ule, jani la nje lingepasuka kabla ya mapumziko. Basi akaihifadhi sigara yake katika sanduku la maonjo, la sigara ambazo Bwana Pua huwaonjesha wanunuzi, lililotandikwa kitambaa chenye unyevu, akikusudia kuichukua saa sita. Saa tano wakaingia tajiri, mwenye kiwanda, na mnunuzi.

Bwana Pua akafungua sanduku, akatwaa iliyokuwa juu, akaiwasha. Moshi ukapanda, naye akapanda nao.

"Kwanza napata kakao," alisema. "Kisha ngozi ya tandiko kuukuu. Na nyuma kabisa, mbao iliyonyeshewa usiku."

"Usiku hasa?" aliuliza mnunuzi.

"Mvua ya alfajiri haina uchungu huu, bwana."

Mnunuzi akaagiza masanduku mia mbili. Tajiri akataka kujua ni mchanganyiko gani. Mama mkubwa akainuka, akijua kwamba akinyamaza atazeeka na vikonyo, na akisema, huenda akafukuzwa.

"Ni yangu, bwana. Ni vipande vya chini ya meza."

Bwana Pua akakohoa kama mtu aliyeanza kuvuta siku ile.

"Unaweza kutengeneza ngapi?" aliuliza tajiri.

"Inategemea tutakavyochafua sakafu."

Mnunuzi akacheka. Tajiri hakucheka. "Na kwa nini mama huyu anakaa sakafuni?"

Kiti chenyewe kilikuwa kimebebeshwa madaftari ya mwonjaji. Bwana Pua akayateremsha moja moja, akakipangusa kiti kwa leso yake ya hariri, akakirudisha mezani kwa mikono yake mwenyewe, kisha akasimama kando mpaka mama mkubwa alipoketi.