Ngoma ya Bati Nyumbani Kwangu

Watoto wa jirani huwa nawategea kitendawili hiki: nina wageni wasiokula wala kulala, na miye mwenye nyumba ndiye nimehamia kona. Wanajibu, "Panya." Nawaambia panya wanakula. Wageni wenyewe ni mapambo na vya kuchezea vya Noeli za zamani, wamejaa nyumba yangu ya Kasenga mpaka juu ya kabati.

Nilianza kwa kupenda tu. Mipira ya kioo iliyotundikwa kanisani wakati wa mapadri Wazungu, nyota za karatasi ya fedha, kamyo za waya, malori madogo waliyopewa watoto kwa sikukuu. Nilikuwa nanunua sokoni, napangusa, nafurahi. Kisha Apolline, binti wa rafiki yangu, akafiwa na mtoto wake, Junior. Akaniletea ngoma ya bati, ya babu yake, ambayo Junior aliipiga Noeli yake ya mwisho.

"Koko," akasema, kama wote wanavyoniita bibi yao, "ikae kwenu. Kule nyumbani siwezi kuiangalia."

Ningekataaje? Baadaye Mama Capitoline akaleta bebe, mwanasesere wa plastiki wa marehemu binti yake. Wengine wakasikia, nao wakaleta. Siku hizi ndani mwangu natembea kiubavu kama kaa.

Mwaka huu Noella, kitinda mimba wangu, amejifungua kule Luvungi. Ni mtoto wake wa kwanza, na bwana yake yuko mbali machimboni.

"Mama, musilete kitu," aliniambia kwa simu. "Mukuje tu."

Nikaomba itangazwe kanisani: kila mtu achukue chake kabla ya mkesha wa Noeli, nipate kwenda. Akaja Apolline peke yake, wakati Chadrack, dereva wa kunipeleka Luvungi, alikuwa ameshafunga begi langu nyuma ya pikipiki yake. Akaishika ngoma, akaipangusa kwa kitenge, akairudisha mahali pake.

"Chukua, mwanangu."

"Bwana yangu ataitupa mu ziwa. Alishasema."

"Basi twende wote Luvungi."

"Na wengine? Mama Capitoline anakuja leo kukaa na bebe yake. Akute kumefungwa?" Akaichukua tena ngoma, akaketi kitandani pangu. "Mwende, Koko. Nitabakia."

Ndilo neno nililokuwa naliomba siku zote. Nikachukua kitambaa changu cha kichwa, nikatoka mpaka mlangoni.

"Koko, jua linapanda," Chadrack akasema. "Ao tunangojea hizo kamyo? Ziko na matairi, zitatufuata."

Nikacheka. Nikageuka kumuaga Apolline. Alikuwa amekunja miguu ili asiguse kamyo, vilevile ninavyoikunja mimi kila usiku. Ngoma iko mapajani, kiganja juu yake ili isilie. Hana hata miaka arobaini, na tayari alikuwa amejua pa kuketi.

"Toka hapo," nikamwambia. "Rudi kwako."

"Na nani atabakia?"

Nilikwenda kufungua begi mwenyewe, kamba ikanishinda, Chadrack akanisaidia. Alipoondoka, na Apolline nyuma yake, nikampigia Noella.

"Sikuji, mwanangu."

Nilisikia mtoto ananyonya.

"Sawa, mama," akasema. "Nitatandua kitanda chenu."