Majirani wa Sjoerd

Jitske aliinua bonge la udongo wa kijivu, akaliweka juu ya chekeche, akafungulia maji. Askari waliokuja kuchimba walikuwa wamemsihi akapumzike ndani, maana mtu wa umri wake hakustahili kusimama kwenye tope na baridi ile. Aliwajibu kwamba amekamua ng'ombe kwenye shamba hili tangu hajaota matiti, na kwamba yeye na baridi wanafahamiana. Wakacheka, wakamletea kiti. Hakukikalia.

Kaka yake, Sjoerd, hakutoka. Tangu mashine ya kuchimba iingie shambani alikuwa ameketi jikoni, ameligeuzia dirisha mgongo.

Walikuwa watoto wakati wa Vita Kuu ya Pili, alfajiri waliposimama mlangoni na nguo za kulalia wakaiona ndege ya Waingereza ikishuka inawaka, ikalipiga shamba la baba yao na kuzama. Udongo wa Friesland, huko kaskazini mwa Uholanzi, ni laini. Uliimeza kama uji unavyomeza kijiko. Wajerumani waliokota mabati yaliyobaki juu, wakaenda zao. Waliokuwamo ndani hawakutolewa. Baba alisawazisha shimo, akapanda, na alipokufa Sjoerd akarithi shamba pamoja na waliolala ndani yake.

Sjoerd hakuoa. Jitske aliolewa, akafiwa na mumewe, akarudi. Miaka yote hiyo, trekta ikifika mahali pale, Sjoerd alizima injini, akavua kofia, akawapa habari: bei ya maziwa, mvua, nani kafariki. Wanakijiji walimtania kwamba ana marafiki wengi chini kuliko juu. Hakukana. Serikali ilipotaka kuwachimbua marubani hao, alikataa katakata, na alikubali tu baada ya Jitske kugoma kumpikia.

Sasa maji yalikuwa yanateremka kwenye chekeche, na chini ya vidole vyake Jitske alihisi kitu laini. Ilikuwa soksi ndefu ya sufu, nzima, nzito kwa kilichokuwamo ndani yake. Kisigino kilikuwa kimetoboka zamani, na mtu alikuwa amekitililia kwa uzi wa rangi nyingine, mshono kwa mshono, kwa subira.

Hakuita mtu upesi. Kwa kumbukumbu aliinusa harufu ya jiko la mama yake, akamwona mama mwenyewe ameketi kando ya moto, soksi ya Sjoerd imevishwa ngumi yake ya kushoto, sindano mkono wa kulia, anatililia kwa uzi wowote uliopatikana wakati wa vita, huku akiimba kwa sauti ya chini asimwamshe mtoto. Mtoto alikuwa yeye Jitske, na hakuwa amelala.

Ndipo akamwita askari. Kisha akaingia jikoni na matope yake.

"Wamempata mmoja," alisema.

"Hawakuwa wamepotea," Sjoerd alijibu. "Nilijua walipo."

"Wewe ulijua. Mama yake je?"

Sjoerd aligeuzageuza kikombe mezani.

"Soksi yake imetililiwa kisigino," Jitske aliendelea. "Vizuri sana. Kama mama alivyokuwa akikufanyia wewe."

Nje, mashine ikazimwa. "Wakiondoka hawa, Jitske, mimi nitaongea na nani?"

"Na mimi. Miaka yote niko humu ndani, na bei ya maziwa unakwenda kuwasimulia Waingereza."

Mdomo wa Sjoerd ulitaka kucheka, ukashindwa. Akanyoosha mkono kuichukua kofia.

Marubani walizikwa majira ya kuchipua, kwenye makaburi ya kanisa la kijiji. Alikuja mzee mmoja kutoka Wales, Emrys, ambaye mama yake alikuwa dada wa mmoja wao. Baada ya maziko alimfuata Sjoerd, akamuuliza, kwa Kiingereza ambacho Jitske alikitafsiri kwa kubabaisha, mjomba wake alikuwa amelala mahali pa namna gani muda wote huo.

Sjoerd, ambaye hakuwa na desturi ya kuzungumza na wageni, alitazama viatu vyake.

"Mwambie tulipanda kitani," alisema. "Mwambie kikichanua, asubuhi, shamba zima linakuwa buluu, na upepo ukipita utadhani ni maji. Mwambie nyuki..."

Akampa dada yake nafasi ya kutafsiri. Jitske hakulijua neno la kitani kwa Kiingereza. Akaonyesha kidole juu, akimaanisha buluu ya anga. Emrys akainua macho mawinguni, akasubiri.