Bikoni ya Mama Hope

Atuganile alichimba kwa hasira, na hasira haijapata kuwa jembe zuri. Kila pigo lilimrushia mchanga usoni, kwenye jicho lililovimba tangu jana, vijana wa jirani yake Gaspar walipomzaba makofi na kuzipiga mateke ndoo zake za maji. Hamoud alimvumilia kwa muda, kisha akavua visikizio vya ditekta yake ya kutafutia vyuma.

"Mama, taratibu. Unachimba kama unaua nyoka."

"Angekuwa nyoka ningeshukuru."

"Ukipiga juu ya kitu chenyewe unakivunja. Anza pembeni, shubiri moja. Kata duara, uingie katikati polepole. Udongo wote juu ya turubai. Mie napitisha ditekta: ikilia kwenye turubai tunachekecha, ikilia shimoni tunashuka. Hamna uchawi hapo."

Hamoud alikuwa kijana wa dukani, Tandale, akiuza mchele wa baba yake. Kila Jumapili alibeba hiyo ditekta akaenda porini kutafuta rupia za Mjerumani. Miaka mitatu, rupia nne. Ndugu zake walimcheka mpaka wakachoka. Leo Atuganile, mteja wao wa siku nyingi, alimwomba amtafutie kitu kisicho na thamani sokoni hata kidogo: bikoni, lile jiwe la zege lenye pini ya chuma ambalo wapimaji walilizika kwenye kona ya kiwanja chake hapa Kimara, hatua tatu kupita kisima chake.

Kisima ndicho kilichomlisha yeye na binti yake Hope tangu mumewe afariki. Mtaa mzima ulichota kwake. Gaspar alikuwa na maboza mawili ya kuuzia maji, na kisima cha mjane kilimkera kama jino bovu. Wiki mbili nyuma alimwaga tripu tatu za kifusi juu ya kona ile, akaanza kuchimba msingi wa ukuta ambao ungekiacha kisima upande wake. Atuganile alipokwenda kulalamika, afisa ardhi, bwana Praygod, alimjibu bila kuinua macho kwenye simu: "Nioneshe bikoni, nasimamisha ujenzi leo leo. Bila bikoni sina la kufanya, mama. Nakuja Jumamosi saa sita."

Leo ndiyo Jumamosi, na ilikuwa saa nne na nusu.

Wakachimba. Atuganile akajifunza kulitikisa chekeche kwa viganja, si kwa mabega, na kuyaponda mabonge kabla ya kuyatupa. Vikatoka vizibo vya soda, misumari ya bati, kijiko nusu, kipande cha nondo kilichompandisha moyo bure. Mikono ikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Saa tano na nusu ditekta ikalia mlio mrefu, mzito, usiokatika.

Hamoud akapiga magoti. Zege likatokeza, na katikati yake pini yenye kutu. Mkono wa mtafuta rupia haujui kuacha kitu ardhini: akaingiza beleshi chini ya jiwe ili alibetue. Atuganile akampiga chekeche la kichwa.

"Usiing'oe! Ikitoka hapo ni jiwe tu kama mawe mengine!"

"Nisamehe mama. Mazoea."

Wakaisafisha palepale ilipo, kwa brashi ya viatu, mpaka namba zikasomeka. Hamoud akapiga picha. Atuganile aliisoma namba moja moja kwa sauti, akalia, akacheka, akamshika Hamoud kichwa palepale alipompiga. Kwa wiki mbili hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile.

"Ahsanteni," sauti ikasema nyuma yao. Gaspar alikuwa amesimama juu ya kifusi na mabaunsa wawili, mmoja ameshika sururu. "Wiki nzima naitafuta hiyo sijaiona. Kumbe inataka mashine."

Atuganile akaelewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfunulia.

"Jirani, afisa yuko njiani."

"Najua. Nimeongea naye sasa hivi. Toka hapo, Mama Hope."

Hakutoka. Alijilaza kifudifudi juu ya shimo, akaikumbatia bikoni kwa mikono yote miwili. Hamoud akasimama mbele yake, akasema, "Braza, tuongee kistaarabu," na hakumaliza neno. Mpini wa sururu ulimpata mdomoni akaanguka na meno mawili mchangani. Waliikanyaga ditekta mpaka ikafa, wakachukua simu yake wakaipondea juu ya nondo. Kisha wakamgeukia mama. Wa kwanza alimvuta miguu. Wa pili alimpiga mateke ya mbavu, bila haraka, kama anayejaza hesabu ya kazi. Alipoona bado ameng'ang'ania, akamkanyaga vidole kwa kisigino. Viwili vikalia kama vijiti vikavu. Alipiga yowe, na majirani waliokuwa wamepanga ndoo kisimani wakarudi nyuma, kila mtu na ndoo yake.

Wakaing'oa. Wakaibiringisha mpaka msingini kwa Gaspar, wakaifukia kwa zege bichi.

Praygod alifika saa sita kamili, shati jeupe, tepu mkononi. Hapo tu ndipo alipokuwa mwaminifu.

"Bikoni iko wapi?"

"Wameing'oa hawa, sasa hivi! Hili hapa shimo lake. Watu wote wameona!"

Praygod akawatazama watu wote. Watu wote wakatazama ndoo zao.

"Mie naona shimo, mama. Na naona nyie ndio wenye jembe, beleshi na chekeche. Kung'oa bikoni ni kosa kisheria, unalijua hilo? Nakuhurumia tu, la sivyo ningekuandikia. Kama unataka irudishwe, andika barua, ulipie upimaji upya. Miezi minne, mitano."

"Ukuta utakuwa umekwisha."

"Hilo si juu yangu." Akamgeukia Gaspar. "Endeleeni. Na hilo shimo lifukieni, mtoto asije akatumbukia."

Hamoud, damu ikimchuruzika kidevuni, akamshika mkono. "Mama, twende hospitali. Twende tu."

Atuganile aliutoa mkono wake taratibu. Aliingia shimoni kwa miguu miwili, vidole vyake vilivyovunjika akavibana kwapani, akasimama wima.

"Vuta tepu yako, bwana Praygod," akasema. "Pima mpaka hapa nilipo."

Praygod akaikunja tepu akaitia mfukoni. Baunsa mmoja akamtazama Gaspar. Gaspar akaitikia kwa kichwa. Beleshi la kwanza la udongo likamwangukia Atuganile miguuni, la pili likafunika vifundo. Nyuma, kwenye foleni ya maji, mtu mmoja akatua ndoo chini. Atuganile hakugeuka kumtazama ni nani. Udongo ulipofika magotini alikuwa anazitaja namba za bikoni, moja baada ya nyingine, kwa sauti, ili wote wazisikie.