Picha Kumi na Moja za Kipanga

Simu ilimkuta mchoraji ameinamia kibandiko cha dawa ya kikohozi, akihakikisha kwamba "mara tatu kwa siku" haijageuka "mara tatu kwa siki". Kwa miaka kumi na sita hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale kwenye kiwanda cha uchapaji: kukagua vibandiko vya dawa, sabuni na rangi za nyumba kabla havijaingia mashineni. Ni kazi ya macho na subira. Subira bado alikuwa nayo. Macho ndiyo yaliyoanza kumtupa mkono. Alipokea simu bila kutazama nani anapiga.

"Samahani, mama. Wewe ndiye uliyemchora Kipanga?"

Mchoraji aliweka kalamu chini. Jina hilo hakuwa amelisikia kinywani mwa mtu mgeni tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Ni mimi. Kwani amefanya nini tena?"

Yule wa upande wa pili alicheka, akajieleza. Alikuwa msimamizi wa mradi katika studio ya gemu. Kampuni yao ilikuwa imenunua haki za Uwanja wa Saba, ile gemu ya mapigano iliyotamba robo karne iliyopita, na sasa walikuwa wanaifufua kwa wachezaji wa leo. Wapiganaji kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kuundwa upya, wanatoka jasho na nguo zao zinapepea kama za watu wa kweli. Wa kumi na mbili, Kipanga, alikuwa amewashinda.

"Tumewaita wachezaji wa zamani wamjaribu. Wote wanasema si yeye. Tukiwauliza kwa nini, wanabaki kutikisa kichwa tu."

Akamwomba aje awasaidie. Mchoraji aliomba likizo ya wiki mbili. Mkuu wake wa kazi aliitazama barua, akamtazama yeye, akarudi kwenye barua. "Mama, likizo ya kwenda kucheza gemu? Na wajukuu watafanya nini?" Hata hivyo alitia saini.

Studio ilikuwa ghorofa ya tano na lifti ilikuwa mbovu. Mchoraji alipanda akihesabu ngazi, akapumzika ghorofa ya tatu kwa kisingizio cha kutafuta miwani mkobani. Juu alikuta chumba kirefu chenye mapazia yaliyofungwa mchana kweupe, vijana wamevaa vipokea sauti masikioni, na vikombe vya chai iliyopoa kila mahali. Kabla hajaketi walikuwa wamekwisha kumbatiza Shangazi. Hakukataa. Alikuwa amechoka mno kukataa.

Walimwekea Kipanga wao kwenye skrini kubwa. Alikuwa mzuri ajabu, hata mishipa ya shingo ilionekana. Kijana mmoja akabonyeza pedi ya kuchezea, na Kipanga akarusha teke lake mashuhuri, lile la mguu wa kulia lililowafanya watoto wa enzi hizo wapigane kugombea zamu kwenye mashine.

"Rudia," alisema mchoraji. "Tena. Sasa polepole."

Aliona mara ya kwanza. Zile nyingine tatu alikuwa anajipa muda tu.

"Mnapanga picha ngapi mfululizo mpaka mguu ufike?"

"Nane," alijibu mtunga programu, kijana mwembamba mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri mwezi mzima. "Wapiganaji wote wanarusha teke kwa picha nane. Kwenye gemu ya zamani huyu alikuwa na kumi na moja. Anashusha bega, anasita, halafu ndiyo anarusha. Tuliona ni kasoro, tukamsawazisha na wenzake."

"Mmemsawazisha mpaka mmemtoa roho," alisema mchoraji. "Kule kusita ndiko kunakomfanya awe yeye. Mpinzani alikuwa anadhani Kipanga ameghairi, anashusha mikono, ndipo teke linamfika. Rudisheni picha tatu."

Walirudisha. Wakamtazama. Sasa Kipanga alionekana kama mashine iliyokwama: anasimama tuli, halafu anaendelea. Mtunga programu alijikuna kichwa. Msimamizi akauliza, kwa heshima zote, "Shangazi, ulipomchora, ulikuwa unawaza nini hasa?"

Mchoraji aliomba maji. Alikunywa nusu glasi, akaitazama ile nusu iliyobaki. Jambo lile hakuwahi kumwambia mtu.

Enzi hizo walikuwa watu sita katika chumba kimoja, hawana vifaa vya maana. Wakitaka mpiganaji, walimtafuta mtu anayejua kupigana. Yeye alikuwa na kaka yake, mwalimu wa karate, mwepesi kama unyoya. Walitundika shuka jeupe juu ya paa la jengo, kaka akawa anarusha mateke hewani tangu asubuhi, naye anampiga picha, kisha anazichora moja moja juu ya karatasi angavu. Siku ya mwisho kaka alikuja amefunga goti kitambaa. Teke kuu lilikuwa halijapatikana. Lilipigwa mara ishirini, thelathini. Kaka akasema, dada, goti linauma, tuache. Naye, kwa sababu kazi ilikuwa inatakiwa Jumatatu, akasema: "Moja tu. La mwisho."

"Akalirusha," alisema mchoraji. "Mnaona anavyosita? Goti lilikuwa linakatika. Alipotua hakuinuka. Na picha zile ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote. Nilikaa nikazichora huku yeye amelazwa."

Mtunga programu alivua vipokea sauti, akavishika mapajani kama mtu aliyevua kofia.

Msimamizi aliuliza, "Bado yuko hai?"

"Yuko. Anachechemea."

"Tungeweza kumwomba aje?"

Jumapili mchoraji alikwenda kwa kaka yake. Alimkuta kibarazani ameunyoosha ule mguu juu ya kigoda, anasikiliza mpira redioni. Alikuwa ameacha karate siku nyingi. Sasa alikaa kwenye dirisha la mapokezi la zahanati, akiandika majina ya wagonjwa na kuwaonyesha pa kukaa. Wifi yake, mke wa kaka, alimletea chai na kumtazama usoni.

"Wifi, unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka tu."

"Nani hajachoka humu," alisema wifi, akarudi ndani.

Mchoraji alieleza habari ya studio na ombi lao, akizunguka mbuyu, mpaka kaka akapunguza sauti ya redio.

"Sema unachotaka kusema. Mpira utaisha."

"Lile goti," alisema. "Ni mimi niliyelivunja. Uliniambia tuache, nikakulazimisha. Halafu watu wakanisifu kwa kazi hiyo miaka nenda miaka rudi, na sikuwahi kukuomba radhi."

Kaka alimgeukia. "Hilo ndilo linalokukondesha?"

"Sijakonda."

"Basi linalokunenepesha." Alilisugua goti lake. "Nilikuwa mtu mzima, dada yangu. Ningeweza kuvaa viatu nikashuka ngazi. Lakini nilitaka kuonekana mle ndani ya mashine. Nilikuwa nawaza watoto watakavyoshangilia teke langu. Nikuambie ukweli, nilikukasirikia mwaka mzima. Mwaka wa pili nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, nikakosa nafasi ya kukasirika. Kuanzia hapo sikulirudia jambo hilo."

"Na mimi nimelibeba siku zote."

"Ungelitua. Mimi ndiye ninayechechemea, wewe ndiye unayelia?" Aliongeza sauti ya redio, kisha akaipunguza tena. "Hizo ngazi za studio ni ngapi?"

Zilikuwa tisini na sita. Siku kaka alipokuja, vijana wa studio walishuka na kiti cha ofisini wakitaka kumbeba. Aliwafukuza. Alipanda akishika ukuta, akisimama kila ghorofa, na kufika ya tatu akageuka akawaambia, "Hicho kiti mmekiacha wapi?" Wakambeba ghorofa mbili zilizobaki huku akiwaelekeza kama mtu anayepandishiwa kabati: kushoto, shusheni, angalieni kona.

Ndani alikuwepo mcheza dansi waliyemkodi amwigize Kipanga, binti mwenye miguu mirefu, amevaa nguo nyeusi ya kubana iliyobandikwa vitone vidogo vya kung'aa. Kamera kumi na mbili zilimzunguka zikisoma kila kitone, na alichofanya yeye, Kipanga alikifanya kwenye skrini. Alishusha bega, akahesabu moyoni, akarusha teke. Lilikuwa teke safi. Halikuwa lenyewe.

"Wewe unangoja," kaka alimwambia kutoka kwenye kiti. "Mimi sikuwa nangoja. Nilikuwa nalibembeleza goti. Unaelewa? Mwili umekwisha kukataa, na wewe unauambia tafadhali."

"Nitalibembelezaje goti zima, baba?"

"Simama kwa mguu wa kushoto. Usirushe mpaka nikuambie."

Akasimama. Wakaongea mambo mengine. Kaka aliulizia bei ya zile kamera, akaguna. Mguu wa binti ukaanza kutetemeka, jasho likamtoka puani, ndipo kaka akasema, "Sasa." Wakarudia hivyo mara kumi, mara ishirini. Kila mara Kipanga kwenye skrini alikaribia kidogo, kisha akateleza tena. Saa zilikwenda. Chakula kililetwa, kikaliwa kwa zamu. Mchoraji aliketi karibu na skrini akihesabu picha kwa midomo, miwani imemwachia alama nyekundu puani.

Kisha ikatokea. Bega lilishuka, mwili ukagoma, kwa kitambo kidogo sana uso wa binti ukawa wa mtu anayeomba, halafu mguu ukaja. Mtunga programu alipiga meza. Kaka alikuwa amejishika goti kwa mikono miwili bila kujua.

Binti alichuchumaa palepale, anahema.

"Limepatikana," alisema msimamizi, ameinamia kompyuta. "Ila kitone kimoja kimedondoka, mkono wa kushoto haujasomeka mwishoni. Shangazi, tupige moja tu. La mwisho."

Mchoraji alimtazama binti, ambaye tayari alikuwa anajikaza kuinuka.

"Keti, mwanangu," alimwambia. Akamgeukia msimamizi. "Hakuna la mwisho. Amechoka. Nitauchora huo mkono mimi."

"Itakuchukua siku tatu."

"Basi tatu."

Ilimchukua nne. Alichora mkono wa kushoto wa Kipanga picha kwa picha kwa kalamu ya kompyuta ambayo hakuizoea, ikimteleza kama sabuni, na kila jioni alishuka zile ngazi tisini na sita akiwa hana tofauti na nguo iliyokamuliwa. Wachezaji wa zamani walipoitwa tena, wanaume wenye vitambi na mama mmoja mwenye duka la vitambaa, walishika pedi na baada ya dakika mbili yule mama akasema, "Eeh. Huyu hapa." Ndiyo ilikuwa sifa yote aliyoipata, na ilimtosha.

Gemu ilitoka. Watu walinunua. Wiki ya tatu msimamizi alimpigia simu kiwandani, na kwa jinsi alivyoanza kwa kumsalimia salamu ndefu, mchoraji alijua kuna jambo.

"Wachezaji wapya wanalalamika, Shangazi. Wanasema Kipanga ni mzito, wakimchagua wanapigwa tu. Wakuu wameamua ashuke hadi picha tisa. Ila yule wako hatujamfuta. Yupo kwenye mipangilio, anaitwa mtindo wa zamani. Anayemtaka atamkuta."

"Mipangilio yenyewe iko wapi?"

"Ukurasa wa nne."

Mchoraji alishusha pumzi. Kuna miaka ambayo angevaa viatu akaenda kugombana nao mpaka waombe maji. Alitazama kibandiko kilichokuwa mbele yake, cha rangi ya dari, na kuona wameandika "hukauka haraha". Akakizungushia duara.

"Sawa," alisema. "Binti yule hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimia sana. Na Shangazi, mwakani tunafufua sehemu ya pili. Tungependa..."

"Mwakani nitakuwa nimelala," alisema mchoraji, na walicheka wote wawili, ingawa yeye hakuwa anatania.

Jumamosi alichukua nakala ya gemu aliyopewa akaipeleka kwa kaka yake. Wifi aliondoa vyombo mezani, wakahangaika na nyaya za televisheni mpaka picha ikatokea. Mchoraji alifungua ukurasa wa nne, akarudisha mtindo wa zamani, akamkabidhi kaka pedi na kumwonyesha vitufe. Kaka aliipitia safu ya wapiganaji taratibu, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Kipanga alisimama, akamtazama alivyokunja ngumi, akapita. Alimchagua bibi mnene mwenye rungu.

"Kwa nini humchukui?" aliuliza mchoraji.

"Huyo acha apumzike. Haya, chagua wako, nikupige."

Alimpiga kweli, mara nne mfululizo, na mara ya tano wifi alipochukua pedi mchoraji alikuwa amekwisha kusinzia kwenye kochi, miwani mkononi.