Mkeka Usichanike

Seremala mmoja, ambaye watu walimwita Randa kwa sababu hata akiongea ilikuwa kama anaparua ubao, alisimama kwenye maombi ya jumuiya akaomba aombewe. Hakuwa mtu wa kusimama. Siku zote alikaa karibu na mlango, na "amina" yake ilitangulia kabla sala haijaisha.

"Ndugu zangu," alisema, "niombeeni mkeka wangu usichanike."

Kina mama wakatazamana. Mwanamume mzima, fundi wa vitanda vya watu, kumbe mwenyewe analala chini! Mama Mwenyekiti, kiongozi wa jumuiya ile, akaomba kwa machozi mpaka leso ikalowa. Vijana nyuma walijiinamia, mabega yanawatikisika kwa kicheko. Wao walielewa. Mkeka, kwa lugha ya wanaobeti, ni orodha ya mechi unazozitabiri kwa mpigo. Timu moja ikikuangusha, mkeka mzima umechanika.

Na ulichanika. Timu ya mwisho, ile aliyoiita ya uhakika, beki wake alijifunga mwenyewe.

Hela aliyoliwa ilikuwa ya jasho lake, na hilo lingesahaulika. Shida ilikuwa hela nyingine iliyobaki kwenye simu. Yeye na dada yake, mpishi wa shule, walikuwa wamechanga kununua mashine ya kuranda mbao. Fungu kubwa lilikuwa la dada, aliyejinyima hata viatu. Muuzaji alishasema: jioni hii msipokuja, mteja mwingine anaichukua.

Sasa mchana huo Randa amekaa juu ya gogo karakanani, simu mkononi. Akiweka zote kwenye timu mbili tu, si jioni atanunua mashine na chenji itabaki? Aliyeliwa ana akili moja popote utakapomkuta: ndoo ikitumbukia kisimani, anatupa ya pili iifuate ya kwanza.

"Hodi fundi!"

Mama Mwenyekiti huyo, amebeba mkeka mpya begani, mnene, wa ukindu wa rangi mbili.

"Kina mama tumechangishana, mwanangu. Huu hauchaniki. Nionyeshe huo mbovu niutoe nje."

Randa akatazama chini, kwenye maranda. Angeweza kupokea na kushukuru, mambo yakaisha. Lakini mama yule alikuwa anahema, ametembea juani.

"Mama, mkeka wenyewe si wa kulalia." Akamweleza.

Mama Mwenyekiti aliketi juu ya mkeka wake palepale, akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamkazia macho.

"Yaani machozi yangu yote yale, fundi, nilimlilia golikipa?"

"Nisamehe mama. Ila Biblia imekataza wapi? Hata mitume walipiga kura."

"Walipiga kura kumpata wa kwenda kazini. Waliopiga kura wapate kitu cha bure walikuwa chini ya msalaba, wanagombea nguo ya mtu anayekufa." Akajifuta jasho. "Mstari wa kubeti sijauona, sikudanganyi. Nimeona ule wa kumpenda jirani. Hebu niambie, ungeshinda, hela ingetoka wapi?"

"Kwenye kampuni."

"Kampuni imeichuma kwenye mti gani?"

Randa akakuna kichwa. "Kwa wenzangu walioliwa."

"Basi ulitusimamisha tuombe wenzako waliwe."

Hilo lilimchoma. Akajitetea, maana mtu akibanwa hung'ata: "Na wewe kuku wako je? Si ulitia hela wakafa wote? Hiyo haikuwa kamari?"

"Walikufa, na nililia kuliko nilivyokulilia wewe. Lakini walipokuwa hai niliwaamkia, niliwalisha, watu wakala mayai, na muuza pumba akalipa ada ya mwanawe. Hasara iliponipata, hakuna aliyekuwa amekaa anaiombea. Hiyo timu yako uliilisha lini?"

Randa alicheka bila kutaka. Kisha akaigeuza simu mama aione.

"Mama, hapa nina hela ya mashine. Ya dada. Kidole changu kilikuwa hapa hapa."

Mama Mwenyekiti hakumkemea. Alinyoosha miguu, akasema taratibu, "Mimi sikunyang'anyi simu, mwanangu, wewe si mtoto. Nitakaa tu. Miguu inaniuma."

Akakaa kweli. Randa alizitazama zile timu mbili kwenye kioo cha simu, muda wa mechi kuanza unakaribia. Akapiga simu.

"Dada, njoo karakanani. Sasa hivi."

"Nina masufuria motoni. Umeibiwa?"

"Bado."

"Unamwogopa nani?"

"Mimi mwenyewe."

Dada alifika na aproni yake, ananuka moshi, hakusalimia mtu. Randa alimweleza yote, ya kuliwa na ya kutaka kuliwa tena. Dada aliketi kwenye gogo, akatazama ndala zake zilizochakaa.

"Kumbe viatu vyangu ndivyo vingeingia uwanjani," alisema.

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe tukishafika kwa muuzaji. Nikianza sasa tutachelewa."

Wakaenda, wakamwacha Mama Mwenyekiti mkekani. Muuzaji aliiwasha mashine, ikanguruma, ikalamba ubao mmoja ukatoka laini. Randa alipitisha kiganja juu yake.

"Na watu wasipoleta mbao?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Dada, hapa pia tunaweza kupoteza."

"Tunaweza. Basi utazunguka kwa mafundi wenzako uwaombe kazi, na mimi nikitoka jikoni nitafagia maranda." Akanyoosha mkono. "Simu nipe mimi nimlipe muuzaji. Wewe shika upande mzito."