Chuma Nje, Wavu Ndani

Bibi alipewa hadi Jumamosi. Mwanawe wa kwanza, kifunguamimba aliyeanza kumwamrisha mama yake tangu alipoota kipara, alimwekea wazi: ama mlango wa mbele utiwe chuma cha kuzuia wezi na wavu wa kuzuia mbu, ama Bibi afungashe virago ahamie kwake ghorofani. Bibi aliwahi kukaa huko ghorofani, na hakuwa na hamu ya kurudia. Mkwewe alikuwa mtu mwema, hilo alilikiri mbele ya yeyote, lakini makochi yake yalikuwa bado yamevaa nailoni ya dukani, na kila Bibi alipojigeuza yalilia kama yanamsema. Usiku alikwenda msalani akipapasa kuta za watu. Kwake alitembea gizani bila kugusa kitu, na kikombe cha chai mkononi.

Nyumba yenyewe ilikuwa imeshahangaishwa vya kutosha. Madirisha yalikuwa na nondo. Mlango wa nyuma mwanawe aliupigilia misumari baada ya kusikia kwamba jirani kaibiwa sufuria. Ulibaki huo wa mbele tu, na Bibi, ili abaki kwake, akapiga moyo konde akaenda kwenye kampuni ya milango pale kona.

Kampuni ilikuwa ya watu wawili waliowahi kuwa mume na mke. Talaka ilifanikiwa kugawa vitanda na vyombo, ikashindwa kugawa karakana. Mwanamume alichomelea milango ya nondo za chuma, mwanamke alitengeneza ya wavu, na hawakuwa wakisemezana hata salamu. Kazi ilipowalazimu kuambiana jambo, walimwambia mteja. Bibi angelijua hilo mapema angetafuta wengine, maana umri wa kutumwatumwa alikuwa ameshaumaliza.

Alilijua siku walipokuja kupima.

"Bibi, mwambie huyo asogee, ananizibia mwanga," alisema fundi wa chuma. Huyo mwenyewe alikuwa amesimama ubavuni pake, ameshika ncha nyingine ya futikamba.

"Anasema usogee, mwanangu," alisema Bibi, ambaye bado hakuwa ameelewa.

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mwambie kama amesikia, mbona hasogei?"

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Bibi alikwenda huku akarudi kule, kichwa kikimgeuka shingoni, mpaka wakafika kwenye jambo lenyewe.

"Mwambie chuma changu kinafunguka kwa nje," alisema fundi. "Kikifunguka kwa ndani, mwizi anapiga teke moja, huyo yuko sebuleni anachagua."

"Mwambie wavu wangu unafunguka kwa ndani," alisema mwanamke. "Ukifunguka kwa nje upepo unaupigapiga ukutani, mwezi hauishi umeshapinda."

Bibi alizifikisha habari zote mbili kama zilivyo, bila kutia chumvi. Kila mmoja akajibu, "Sawa." Hapo Bibi alidhani wameelewana, kumbe kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake ndiye atakayebadili. Ndivyo walivyoishi katika ndoa yao yote, na tunajua ilivyokwisha.

Jumamosi wakaja kufunga. Mlango wa zamani wa mbao uling'olewa, ukaegemezwa ukutani. Fundi aliingia sebuleni, akafunga chuma chake upande wa ndani wa fremu, akakijaribu, kikafunguka kwa nje taratibu bila kelele, akakirudisha mahali pake. Mwanamke alibaki barazani, akausimamisha wavu wake upande wa nje, akakaza skrubu zote, akaufunga hapohapo. Kati ya milango miwili palibaki nafasi ya kiganja cha mkono. Ilikuwa kazi safi, na Bibi alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kisha fundi akasukuma chuma ili atoke. Kikagonga wavu, kikagoma. Mwanamke akasukuma wavu ili aingie. Ukagonga chuma, nao ukagoma. Wakasukuma wote kwa pamoja, milango ikakabana kifua kwa kifua kama wenyewe.

"Bibi, mwambie autoe wake," alisema fundi kutoka ndani.

"Mwambie atoe chake kwanza," alisema mwanamke kutoka nje.

"Mwambie changu hakitoki, bawaba nimezichomelea. Skrubu za wavu ziko upande wake, na bisibisi iko mfukoni mwake."

"Mwambie bisibisi yangu haiamrishwi. Aombe."

"Mimi si redio," alisema Bibi. "Zungumzeni wenyewe."

Fundi aliangalia dari, mwanamke aliangalia barabara, na Bibi akakaa kwenye kiti chake akiwa mfungwa katika nyumba aliyokuwa anaipigania. Hapo ndipo gari lilipolia nje. Alikuwa mwanawe, amekuja na pikapu ya kukodi, nyuma zimejaa tele kamba za kufungia kitanda cha mama yake. Mtoto huyu akijua kwamba mlango haufunguki, jioni hii hii Bibi atakuwa juu ya nailoni.

"Mama, mbona mmejifungia?"

"Tunaujaribu," alisema Bibi, upesi mpaka akajishangaa. "Jifanye mwizi. Ingia."

Mwanawe alipenda sana kupewa madaraka. Alikunja mikono ya shati, akausukuma wavu, akauvuta, akautia bega, akarudi nyuma akauendea mbio. Mwanamke alimpisha kwa adabu zote. Kutoka ndani fundi alimhimiza, "Ongeza nguvu, mzee, hiyo ni ya mwizi mgonjwa." Alizunguka nyumba, akajaribu mlango wa nyuma aliouziba yeye mwenyewe, akarudi akitweta na utando wa buibui kwenye kipara.

"Huu sasa ndio mlango," alisema, akamwambia dereva azikunje kamba.

Bibi alikuwa ameshinda. Alishusha pumzi, akaanza hata kufikiria chakula cha mchana.

"Sasa nitalala usingizi," mwanawe aliendelea, akijifuta jasho. "Hujui tu, Mama. Kila Jumamosi nilikuwa nakuja huku roho iko juu juu, sijui nitakukuta vipi. Sasa sina haja. Nitakuwa napiga simu."

Kila Jumamosi mwanawe huyo alikuja, akalalamikia chumvi, akalalamikia taa, akala sahani mbili, kisha akalala kwenye kiti cha baba yake mdomo wazi mpaka jua lilipopungua. Bibi alikuwa hajajiuliza hata siku moja ni nini kinachomleta. Kumbe ni woga, na woga huo Bibi ameutibu mwenyewe leo. Alimtazama kupitia nondo na wavu, akamwona vipande vipande, ameshaanza kumwashiria dereva awashe gari.

"Na mafuta je?" akauliza.

"Mafuta gani?"

"Mlango huu unatiwa mafuta kila Jumamosi. Usipotiwa unakwama. Na mimi mikono yangu haifiki bawaba ya juu."

Hakuna aliyemwambia hivyo. Alimgeukia fundi na kumtazama kwa jicho la kuomba. Fundi alikuwa mtu wa kujivunia bawaba zake. Kukiri mbele ya watu kwamba zinakwama kulikuwa ni kujitukana. Alikuna kidevu, akakohoa.

"Kila Jumamosi," alisema mwishowe.

Bibi akangoja mwanamke apinge, maana hakuna neno la mwanamume huyu ambalo halijapingwa. Mwanamke alimtazama Bibi kupitia wavu wake, akamtazama vizuri. Kisha akainua macho, akayapitisha juu ya bega la Bibi.

"Na wavu?" alimuuliza mume wake wa zamani. "Mbona husemi kuhusu wavu?"

"Nimesahau," alisema fundi kwa sauti ya chini. "Mwonyeshe wewe, mama watoto. Nakuomba."

Mwanamke akatoa bisibisi. Alilegeza skrubu moja baada ya nyingine, akimweleza mwenye kipara kwamba utaratibu ndio huu, wavu hutolewa wote kwanza, mafuta ndiyo yanafuata, na asijaribu kukatisha njia. Mwenye kipara aliitikia kila neno kwa kichwa. Wavu ukatoka, chuma kikafunguka kwa nje, na Bibi akasimama kizingitini pake mbele ya mwanawe.

"Mafuta ya aina gani?" aliuliza mwanawe.

"Ya cherehani," alisema mwanamke.

"Ya injini," alisema mwanamume.

"Njoo nayo yote," alisema Bibi, "na uje mapema, maana kazi yenyewe ni ya siku nzima."