Ishirini na Kuendelea

Vipimo viwili vilikuwa mezani, kimoja kando ya kingine, na mkuu wa usalama alikuwa ameuliza swali lake kwa mara ya pili. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikaa ng'ambo ya meza na ovaroli yake ya bluu, mikono juu ya magoti. Hakuwa akimtazama mkuu. Alikuwa ananitazama mimi, na alinitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyefika mahakamani akiwa na wakili wake.

Ni miaka kumi na minne sasa. Nikiyakumbuka macho yale, uso bado unaniwaka.

Kituo chetu kilikuwa na mashine chini ya ardhi, mashine ya kusukuma chembe ndogo mno mpaka zikimbie karibu sawa na mwanga. Zikigonga kitu, zinamwaga nyutroni, na nyutroni zenye kasi kubwa haziheshimu ukuta. Mita mbili za zege zinazipunguza tu. Shemeji alikuwa fundi wa sumaku za mashine ile. Kazini walimwita Bisibisi, kwa kuwa bisibisi haikubanduka mfukoni mwake hata siku ya harusi, na dada ana picha ya ushahidi.

Kila aliyeingia nyuma ya ukuta alivaa vitu viwili kifuani. Cha kwanza kilikuwa kidude cha elektroniki, saizi ya kiberiti, chenye kioo cha kuonyesha papo hapo umepigwa na mionzi kiasi gani. Cha pili kilikuwa kipande cha plastiki ambacho kila baada ya miezi mitatu kilichovywa kwenye dawa kali, kisha alama za nyutroni zikahesabiwa kwa darubini. Plastiki ilikuwa na kazi nyingi na majibu yake yalichelewa. Wakubwa walitaka iondolewe, kibaki kidude peke yake. Lakini je, kidude kilikuwa kinaziona zile nyutroni kali? Hatukuwa na mahali pa kukijaribia kwa nyutroni za nguvu ile, kwa hiyo jibu lilibidi litoke kwenye kompyuta, na kompyuta ilikuwa kazi yangu.

Nilikichora kidude ndani ya programu tabaka kwa tabaka: silikoni, karatasi ya plastiki, alumini, kifuniko. Nyuma yake niliweka sanduku la maji mahali pa kifua cha mtu. Kisha nikakirushia nyutroni mamilioni, na programu ikafuata safari ya kila moja mpaka mwisho wake. Vipimo vya tabaka alinipa shemeji. Alileta kidude kibovu nyumbani, akakifungua kwenye meza ya kulia chakula, akapima na mimi nikaandika. Nilipomwambia kwamba ndani ya hesabu zangu yeye ni sanduku la maji, sentimita thelathini kwa thelathini, aliuliza kama sanduku hilo lina mke. Dada akajibu kutoka jikoni kwamba huyo mke ana bahati, sanduku halikoromi.

Niliishi kwao tangu mama yetu alipofariki, nikiwa na miaka kumi na minne. Shemeji ndiye aliyenipeleka shule mpya akanisubiri nje mpaka kengele, na ndiye aliyepeleka kwa mkono barua yangu ya kuomba kazi kituoni. Nayasema haya ili ijulikane nilimtendea nani.

Matokeo yalitoka mazuri. Mstari wa mchoro ulipanda, ukashuka kidogo, na kuanzia nishati ya ishirini, kwa kipimo chetu sisi, ukanyooka mpaka mwisho wa ukurasa. Niliupenda mstari ule. Niliandika kwenye ripoti kwamba kidude kinaaminika kwa nyutroni za nguvu zote, nikasifiwa, na ikasemekana nitakabidhiwa chumba chote cha hesabu.

Kisha yakaja majibu ya shemeji ya miezi mitatu. Plastiki yake ilionyesha mara nne ya kidude chake. Yeye ndiye aliyekuwa akishinda kwenye kona ya mashine, mahali nyutroni kali zilipozidi, na hakuna mwingine aliyekaa pale muda mrefu namna hiyo. Kwa mujibu wa ripoti yangu, tofauti ile haikuwezekana, isipokuwa kama mtu amekivua kidude akabaki na plastiki tu. Na watu walikuwa wanavivua kweli. Mwaka uliotangulia wawili walikamatwa wakiviacha kwenye droo, ili namba zisipande wakahamishwa. Shemeji akasema hajawahi kukivua hata siku moja. Akasema waniulize mimi, maana nakijua kidude ndani na nje.

Ndiyo maana kikaitishwa kikao.

Asubuhi ya siku ile niliwahi kazini ili nichape jedwali la kwenda nalo. Nilipolipitia, nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona miezi minane nyuma. Namba za uwezekano wa nyutroni kugonga, kuanzia ishirini na kuendelea, zilikuwa zile zile mpaka tarakimu ya mwisho. Kwenye hamsini, zile zile. Kwenye mia mbili, zile zile. Hakuna kitu duniani kinachofanya hivyo. Nikafungua faili la takwimu ambalo programu ilikuwa ikisoma, nikakuta linaishia ishirini. Juu ya hapo ulitakiwa uiambie programu itumie njia nyingine ya kukokotoa. Usipoiambia, inachukua namba ya mwisho iliyo nayo na kuirudia tu, bila kulalamika. Sikuwa nimeiambia. Lilikuwa jambo la mstari mmoja wa maandishi.

Niliuandika mstari ule pale pale, nikarusha nyutroni chache za majaribio. Baada ya dakika arobaini jibu likaja. Juu ya ishirini mchoro wangu uliporomoka, na kwa mionzi ya ile kona kidude kilikuwa kinaona robo tu ya kilichopo. Robo, kama plastiki ya shemeji ilivyosema. Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na dakika hamsini, na kikao kilikuwa saa tatu. Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya kutojua. Nilijua, dakika kumi nzima, na nilizitumia kunawa uso.

"Nauliza tena," mkuu wa usalama alisema. "Kidude kinaweza kukosea kiasi hiki?"

"Kwa mujibu wa hesabu zilizopo, hapana."

Nililichagua neno lile, zilizopo. Nilikuwa nimelitafuta tangu chooni, na aibu yangu kubwa zaidi ni kwamba, wakati linanitoka mdomoni, nililiona ni neno la akili. Nilijiambia sikudanganya. Nilijiambia nitarekebisha wiki ijayo, kimya kimya, wageni wa bodi ya kituo, waliokuja kukagua wiki ile, wakishaondoka.

Shemeji akasema, "Kama shemeji amesema hivyo, basi." Hakubishana. Walimwondoa nyuma ya ukuta wakampeleka stoo kugawa bolti na glavu, na barua ikaingia kwenye faili lake kwamba alivunja kanuni za usalama kwa makusudi.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Dada alimnunia wiki mbili. Hofu ndiyo iliyomkasirisha. Alisema mwanamume mwenye watoto watatu anaachaje kipimo mezani na kwenda kujianika kwenye mionzi. Shemeji alimwambia mara moja kwamba hakukivua. Dada akamuuliza, "Kwa hiyo mdogo wangu ni mwongo?" Baada ya hapo shemeji hakulitaja tena. Nilikuwa nimekaa pale pale nakunywa chai yao.

Miezi minne baadaye nilitoa toleo la pili la ripoti. Ukurasa wa thelathini na moja, kwa maandishi madogo chini, niliandika kuwa thamani za juu ya ishirini zimerekebishwa. Plastiki, zilizokuwa zimeondolewa baada ya kile kikao, zikarudishwa kwa kila mtu. Mkuu wa usalama alikuwa amehamia kwingine, mimi nilikuwa na chumba changu na ufunguo wake, na hakuna aliyekumbuka kuna barua kwenye faili la mtu wa stoo. Ningeweza kwenda kuitoa. Ofisi ya mafaili ilikuwa milango miwili kutoka kwangu.

Siku moja nilikwenda stoo kuchukua karatasi. Ripoti ilikuwa juu ya kaunta yake, imefunguliwa ukurasa wa thelathini na moja, miwani yake juu yake. Alinihesabia mabunda ya karatasi, akanipa daftari nisaini, akahakikisha nimesaini kwenye mstari wake. Kisha akaongea polepole, bila hasira.

"Stoo hainisumbui, shemeji. Hata wakubwa wasiambiwe. Mwambie dada yako tu."

Nikasema nitamwambia wiki hii hii. Na Jumamosi nilikwenda kweli. Dada alikuwa anapiga pasi sare za watoto, akafurahi kuniona, akanisimulia alivyojisifu kwa majirani kuhusu cheo changu. Nilimsaidia kukunja. Tuliongea habari za shule, za bomba linalovuja, za binamu yetu anayetaka kuoa kwa mara ya tatu. Nikaaga. Shemeji alinisindikiza mpaka getini na hakuniuliza kitu. Hajaniuliza tena mpaka leo, na Jumamosi zimepita nyingi.

Mwezi uliopita alistaafu. Tulimuaga kwenye kantini ya kituo saa tisa mchana, meza zimeunganishwa, vijana wa mashine wamekuja na ovaroli zao. Nikasoma hotuba, maana sasa ni mimi ninayesoma hotuba. Kisha wakamwomba dada aseme neno. Alisimama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, akashukuru kila mtu, na watu walipoanza kulegea akawageukia vijana kwa utani.

"Nyie wanangu, vaeni hivyo vidude vyenu. Msifanye kama huyu mume wangu, mpaka mdogo wangu ikabidi aseme ukweli mbele za watu."

Kantini nzima ikaangua kicheko. Shemeji naye alicheka, akafuta macho kwa kiganja, akamvutia dada kiti akae. Mimi nilikuwa meza kuu, cheo changu kimeandikwa kwenye kadi mbele yangu. Nikacheka nao, na nikapiga makofi.